Waanzilishi tisa, beji kumi: nilivyosema beji ya mama wa watu ni feki kule Ziwa

Wakuu, vuteni viti. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi, maana hata bila chumvi inaniaibisha vya kutosha.

Mimi ni mtu wa Kiplombe. Kazi yangu ni kupiga passport na kuprint ID za shule hapa Eldoret town. Ugonjwa wangu ni beji za chuma: za madereva wa zamani, za maskauti, za viranja. Mke wangu anaziita "hivyo vyuma vyako". Nikipata moja naipiga picha mbele na nyuma, naipima, kisha naposti kwenye group ya wagonjwa wenzangu tubishane kama ni original ama feki.

Sifa zikafika hadi Ziwa, kile kituo kidogo nje ya Eldoret.

Kuna chama cha wakulima wa maziwa kule, sitakitaja jina. Kilianzishwa na wazee tisa, na kila mmoja alipewa beji ya shaba yenye kichwa cha ng'ombe. Wote wameshatangulia. Sasa chama kinafungua jengo jipya, na kamati ikatangaza kwamba kila familia ilete beji ya mzee wao. Jina la mzee litaandikwa ukutani na mtu wake atakaa safu ya mbele.

Kwa nini beji? Kwa sababu daftari la kwanza lililiwa na panya. Kila mtu anakumbuka wazee walikuwa tisa, lakini ukiuliza majina, kila boma lina orodha yake.

Zikaja beji kumi.

Chairman wa kamati akanipigia simu. Yeye pia alikuwa ameleta moja, ya marehemu baba yake.

"Wewe mtu wa beji, kuja utuambie ni gani ni ya uongo."

Nilienda na mbwembwe zote. Niliomba meza ya dirishani, nikatandika karatasi nyeupe. Beji huwezi kuipiga kwa flash, utapata mwanga na pua yako. Unaweka tochi pembeni, chini kabisa, ndipo kila mkwaruzo unatoa kivuli. Ruler kando. Mbele, geuza, nyuma. Watu wamenizunguka, mimi nimeinama kama daktari.

Zote kumi zilikuwa na pembe ya kushoto iliyovunjika kwenye ncha. Nikaandika, bila aibu, kwamba hiyo ni alama ya kiwandani.

Kisha nikatoa vernier caliper ya kupimia vitu vidogo, ile ya physics ya Form One. Tisa zililingana kabisa. Moja ilikuwa kubwa kidogo, kama unene wa kucha. Tisa zinafanana, moja haifanani, na waanzilishi ni tisa. Sikuona cha kufikiria tena.

Hiyo moja ilikuwa ya Mama Salina, mjane wa hapo karibu na soko.

Chairman akasoma jina lake mbele ya watu wote. Mama hakubisha. Alisema tu, "Sawa. Wewe ndio uko na kamera," akajifunga leso yake vizuri, akatoka. Niliona watu kadhaa wanaangalia viatu vyao. Nikadhani wanamhurumia.

Wiki iliyofuata nikampelekea beji yake nyumbani. Nilitaka kuiacha mlangoni nikimbie, lakini akanikalisha na kunimiminia chai.

"Kijana, hio pembe uliandika ni nini?"

"Ni ya kiwandani, Mama. Zote ziko nayo."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hio pembe ni mzee wangu alivunja akifungua soda kwa harusi ya ndugu yake. Nilimgombeza mpaka tukafika nyumbani."

Wakuu, masikio yangu yalipata moto.

Kama pembe ilivunjwa na soda, zile tisa zingine ziliipata wapi?

"Walikuwa wanaazima," akasema. "Wanakuja mmoja mmoja, ati nisiambie mtu. Wanapeleka kwa fundi wa vyuma huko Eldoret, mtaa wa Huruma, halafu wananirudishia."

Fundi anakandamiza beji kwenye mchanga, anamwaga shaba iliyoyeyushwa palipobaki alama. Pembe iliyovunjika inatoka imevunjika. Na shaba ikipoa hujikunyata kidogo, kwa hiyo kopi inatoka ndogo kuliko original. Hili nalijua miaka yote! Nimewahi kulifundisha group nzima!

"Mama, mbona hukusema siku ile?"

"Si niliwaambia sitasema?"

Niliona aibu sijawahi. Nikamwomba nikarekebishe. Akakubali, bora nisitaje mtu.

Kikao kikaitwa. Nikaweka picha ukutani, pembe kumi kubwa, nikakiri nimekosea. Kisha nikauliza kila familia pembe yao ilivunjikaje.

Mmoja akasema baba yake alianguka na baiskeli. Wa pili akasema ilikanyagwa na ng'ombe. Ajali mbalimbali, mvunjiko ule ule hadi kwa kijino cha ndani. Kufika wa tatu, watu walishaanza kucheka na yeye mwenyewe akacheka.

Mama Salina akasimama, akaeleza ya soda. Kisha akasema, "Wanane walikuja wakisema yao imepotea. Ni ukweli, wazee wao nawajua, walikuwa hapo chama kikianza. Wakae nazo. Mmoja hakusema imepotea. Alisema anataka kuiangalia tu."

Ukumbi mzima ukawa unahesabu kwa vidole.

Chairman akasema muda umeenda, tufunge kwa maombi. Aliomba mwenyewe, na aliomba mbio.

Nilichojifunza: vitu vikifanana mno, anza kushuku vile vinavyofanana. Na kabla ya kutoa kamera, muulize mwenye kitu kilimpata nini. Mwenye beji nyumbani aigeuze, atuambie nyuma pakoje.

Siku ya ufunguzi nilipiga picha. Safu ya mbele watu tisa, Mama Salina katikati, beji yake kubwa kidogo kuliko zote. Chairman alikaa safu ya tatu. Juzi nikaizoom: kifuani kwa koti lake, pale beji hukaa, kuna matundu mawili madogo ya pini.

Hiyo picha nimpelekee, ama niifute? Semeni.