Namba Iliyokwenda na Msasa

Mwanangu, zamani nilikuwa naapa hakuna kitu cha kunishangaza tena katika mji huu wa London. Niliishia darasa la nne Wete, nikafika hapa na koti la kuazima, nikabeba makreti sokoni Walthamstow mpaka nikafungua duka langu la vitu vya kale vya kijeshi. Wenye digrii walikuja kuniuliza mimi.

Basi siku moja Bi Asha, mjane wa Kipemba wa mtaa wa pili, akaniletea bunduki ya marehemu mumewe pamoja na darubini yake. Ilikwisha zibwa mtutu kisheria, haipigi tena, lakini ilikuwa bunduki hasa ya mdunguaji, askari wa kuvizia na kulenga mbali kwa darubini. Dada yake alikuwa mahututi Chake Chake. Alitaka iuzwe apate nauli, awahi kumwona.

"Niachie mimi, Bi Asha. Kwa hizi mimi profesa."

"Profesa wa darasa la nne," akacheka. "Haya baba, usiniangushe."

Wewe umezaliwa huku, hujui. Kwetu kitu hakipelekwi mbele za watu na uchafu wake. Kuamkia Idi, mama alitusugulisha shaba zote kwa ndimu na majivu. Basi nikakipiga msasa kitako chake cha mti, nikakipaka vanishi, kikang'aa kama kitanda cha harusi.

Kule mnadani mkaguzi, mama wa Kizungu, akaweka kidole pale kitako kinapokuwa chembamba.

"Hapa hupigwa namba ya darubini yake. Iko wapi?"

"Nimeisafisha."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. "Bila namba siwezi kuandika kwamba bunduki na darubini hii zilikuwa pamoja tangu jeshini. Wanaoghushi nao huleta mti mpya hivi hivi."

Haikupata mnunuzi. Niliona haya, nikakaa siku kadhaa bila kumwambia Bi Asha. Nilipokwenda kuirudisha bunduki, na tiketi ya ndege niliyomkatia kwa pesa zangu mkononi, nilikuta wanawake mkekani wanasoma khitma. Dada keshazikwa.

"Bunduki iweke hapo, baba," akasema, wala hakuitazama.

Mwanangu, ukikabidhiwa cha mtu, uliza kabla hujakigusa. Na ukiharibu, nenda ukaseme siku ile ile. Mungu akujaalie mkono mzito wa kugusa na ulimi mwepesi wa kukiri. Tiketi ile haikurudishwa pesa, ningali nayo: paundi mia sita arubaini na mbili.