Mtu wa Beji katika Basi la Kakontwe

Niliolewa Kigoma na fundi umeme mwenyeji wa Likasi. Baada ya miaka miwili akapata kazi kwao, katika karakana za migodi ya serikali, tukavuka ziwa, tukapanda treni, na siku ya tano tukashuka Likasi na masanduku matatu na cherehani yangu. Wakati huo nchi yao ilikuwa imekwisha badilishwa jina, wanaume wamekatazwa tai, na watu wakiitana raia.

Nilidhani angalau lugha haitanisumbua, kwa kuwa na wao ni Waswahili. Siku ya kwanza katika soko la Kikula nilimwambia muuza mihogo, "Naomba unipunguzie kidogo," naye akamwita jirani yake aje asikilize. Walinifanya nirudie mara tatu. Hawakuwa na ubaya. Walisema mimi nasema Kiswahili bora, kama padri kwenye misa, na tangu siku ile sikuweza kufungua mdomo mahali penye watu bila mtu kugeuka kuniangalia. Mgeni wa kutoka mbali kabisa huwa na alama usoni au katika nguo. Yangu ilikuwa mdomoni, na nilijifunza kuificha kwa kunyamaza.

Tulikaa Kikula na mama mkwe wangu katika nyumba aliyoijenga mwenyewe chumba kwa chumba. Mimi nilipata kazi kwa masista wa Kakontwe, waliokuwa na nyumba ya kufundishia wake za wafanyakazi wa machimbo ya chokaa kushona na kusoma. Kila asubuhi nilipanda basi karibu na soko. Lilipita mjini, ambako kina mama waliokuwa wakiwapelekea watu wao chakula kwenye gereza la Buluo walishuka na masufuria yao yaliyofungwa vitambaa, wapande gari jingine, kisha basi letu likaendelea na sisi wa machimbo. Wanaume wa machimbo niliwatambua kwa viatu, maana vumbi jeupe la chokaa halikutoka hata kwa kupigwa brashi.

Yule mtu hakuwa na vumbi. Alivaa abakosti ya kijivu, lile koti lisilo na ukosi ambalo serikali iliwataka wanaume walivae, na juu ya mfuko alibandika beji ya chama. Mara ya kwanza mkono wake ulipogusa kiuno changu nilidhani ni basi. Barabara ilikuwa na mashimo na sote tulikuwa tunaangukiana. Mara ya pili basi lilikuwa limesimama. Mkono ulikuwa palepale, umetulia, kama mkono wa mtu aliyeuweka juu ya meza yake. Nilisogea. Alisogea. Nilishuka Kakontwe na siku nzima nikawashonea wanafunzi wangu mfano mbaya, mishono imekwenda upande.

Kesho yake nilikaa kiti cha dirishani, naye akaja akakaa kando yangu na paja lake likanibana kwenye bati. Keshokutwa yake nikasimama mbele karibu na dereva. Akaja mbele. Nikaanza kupanda basi la kwanza kabisa, nikifika Kakontwe kabla masista hawajafungua, nikizungukazunguka nje ya lango kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Wiki mbili nilipumua. Kisha naye akaanza kupanda basi la kwanza.

Wakati huo hata nyumbani sikuweza kutulia. Nikikaa, nilikaa ukingoni mwa kiti. Mama mkwe aliniuliza kama nina mimba. Nilichomeka pini kubwa ya kushonea ndani ya mkono wa blauzi, nikiwa nimekusudia atakaponigusa nimchome, lakini dereva akafunga breki kabla yake na nikajichoma mwenyewe, damu ikachafua blauzi. Niliitoa ile pini nikaitupa dirishani. Jumatatu moja nilitembea kwa miguu kutoka Kikula hadi Kakontwe ili nisipande tu, mvua ikanikuta njiani, na sista mkuu akaniambia kwa upole kwamba mwalimu hafiki darasani akichuruzika maji. Sikumweleza sababu.

Siku nilipofungua mdomo ilikuwa Alhamisi, najua kwa sababu kila Alhamisi kina mama wa Buluo walikuwamo wengi. Alisimama nyuma yangu. Safari hii mkono haukutosheka na kiuno. Niligeuka, na nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Bwana, tafadhali ondoa mkono wako mwilini mwangu."

Basi zima likacheka. Sijui kama walisikia nilichosema au walisikia tu jinsi nilivyokisema. Mwanamume mmoja wa machimbo alirudia lile "tafadhali" langu kwa sauti nyembamba, na kicheko kikapanda tena. Yule mtu hakucheka. Alinyoosha abakosti yake, akaniuliza kwa utulivu natoka wapi. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma:

"Weye ni muntu ya inchi ingine. Karatashi yako iko wapi?"

Hapo kicheko kikakatika. Watu waliiangalia ile beji, kisha wakaangalia miguu yao. Miaka ile hukuweza kujua nani ni nani. Mtu angeweza kuwa mkubwa wa usalama, au shemeji wa mkubwa wa usalama, na kumuuliza tu ilikuwa kosa.

Karatasi yangu ya kuishi nchini ilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la biskuti, na muda wake ulikuwa umekwisha. Mara mbili nilikwenda kuiongezea muda, mara mbili niliambiwa fomu hazijafika. Yeye hakulijua hilo, lakini nafikiri aliliona usoni mwangu, maana alitabasamu. Akamwambia dereva asimamishe gari, hawezi kusafiri na mtu asiyejulikana. Dereva alikuwa mtu mzima ambaye kila siku alinisalimu. Alisimamisha. Hakugeuka kunitazama.

Nilishuka katikati ya barabara. Mmoja wa wale kina mama wa Buluo, mnene, mwenye kitambaa cha njano, alinipa mkoba wangu kupitia dirishani kwa sababu niliusahau, na akaubana mkono wangu kidogo kabla ya kuuachia. Alikuwa na sufuria mapajani na mtu gerezani, na sikumlaumu kwa kutonitetea. Lakini basi lilipoondoka nilikaa kwenye jiwe nikalia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu ya "tafadhali". Nilikuwa nimemwomba.

Jioni nilimwambia mume wangu. Swali lake la kwanza lilikuwa nilivaa nini. Nilimwonyesha, blauzi ya mikono mirefu na kikwembe, kitenge cha kwao, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akasema atampiga. Kisha akakumbuka beji, akasema heri niache kazi. Nilimjibu kwamba yeye ndiye aliyenileta katika mji huu, na sitakaa jikoni miaka yote kwa sababu ya mkono wa mtu. Tulikuwa hatujawahi kugombana mbele ya mama yake. Mama mkwe aliendelea kuchambua sombe, majani ya mihogo, akisikiliza.

Kesho yake sikwenda kazini, na mchana aliniita uani. Aliniuliza nilisema nini hasa mle ndani ya basi. Nilipomrudilia maneno yale, hata yeye mdomo ulimcheza.

"Ile haiko luga ya kufukuza muntu," alisema. "Ile ni ya kukaribisha. Sema: Tosha mukono."

Kwetu kutosha ni kuenea, kitu kuwa cha kutosha. Kwao ni kutoa. Nilisema. Akasema hapana, sauti itoke tumboni. Akasimama nyuma yangu yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, akaniwekea mkono kiunoni ili nifanye zoezi. "Tosha mukono, weye! Hauko na haya?" Nilisema mara nyingi mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta, naye akawaambia waendelee na kazi zao, tunajifunza. Tulipochoka alikaa chini kuchambua sombe ya jioni, akanieleza kwamba alipokuwa msichana, akibeba samaki kutoka mtoni kuja mjini kwa lori, kulikuwa na mtu wa namna hiyohiyo. Nilimuuliza alimfanya nini. Akasema hakumfanya kitu, aliacha kuuza samaki. Alilisema hilo huku akitazama sombe yake.

Nilirudi kupanda basi. Kwa siku kadhaa yule mtu hakuonekana, na hilo lilinisumbua zaidi ya kumwona. Kila abakosti ya kijivu ilinishtua. Niliota ofisi, mihuri, na mimi nikirudishwa Kigoma peke yangu. Mume wangu aliomba ruhusa kazini twende pamoja tena kuulizia karatasi, na safari ya tatu fomu zilikuwapo. Karani aligonga muhuri bila hata kuinua macho.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alitaka makayabu, samaki wa chumvi, akasema makayabu ya sokoni yameoza, twende kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja mjini. Tulipanga foleni. Ndani kulikuwa na mtu aliyevaa aproni ya mpira, amelowa maji ya chumvi mpaka kwenye viwiko, akipima samaki kwenye mizani, na mwenye ghala akimkaripia kwamba anapoteza muda wa wateja. Yeye akimwitikia bosi wake, ndiyo patron, ndiyo patron. Aliinua kichwa.

Ilinichukua muda kumtambua bila koti. Yeye alinitambua mara moja.

Nilitegemea kuona furaha moyoni mwangu na sikuiona. Niliona aibu, tena kali. Miezi mitatu nilikuwa nimezunguka mji kama mwizi, nimetembea kwenye mvua, nimegombana na mume wangu, nimeogopa hata kununua chumvi peke yangu, kwa sababu ya mpima samaki aliyebandika beji ambayo mtu yeyote aliweza kupewa bure kwenye mkutano wa hadhara. Wala hakuwa amedanganya. Hakuwahi kusema yeye ni nani. Sisi wote ndani ya basi ndio tuliomfanya mkubwa.

Nilimgusa mama mkwe nikamnong'oneza kwamba ndiye huyu. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaagiza samaki wake, akachagua, akarudisha mmoja, akachagua tena. Yule mtu alifunga kifurushi. Mama mkwe alipokipokea alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya mwenye ghala:

"Huyu ni muke ya mutoto yangu. Tunakaa Kikula. Sasa unatujua."

Mwenye ghala alituangalia bila kuelewa. Tulitoka.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Kwangu mimi yaliisha, kwa sababu alipopanda basi tena alibaki nyuma kabisa na hakunisogelea. Lakini baada ya likizo ya Pasaka msichana mmoja alianza kupanda, mwanafunzi wa uuguzi, pengine wa miaka kumi na minane, mwenye sare mpya na soksi nyeupe. Asubuhi moja nilimwona akisogea kutoka nyuma kuja mbele, akibana vitabu kifuani, halafu akisogea tena. Sikuhitaji kugeuka kujua nani yuko nyuma yake.

Nilikaa. Nakiri nilikaa, vituo viwili vizima. Niliwaza kwamba mimi nimekwisha pona, kwamba basi litacheka tena, kwamba karatasi yangu ni ya mwaka mmoja tu. Miguu yangu haikutulia, na mwishoni nafikiri nilisimama kwa sababu sikuweza tena kuendelea kukaa. Nilipenya mpaka katikati yao nikamsukuma msichana nyuma ya mgongo wangu.

"Tosha mukono, weye! Hauko na haya?"

Haikutoka kama tulivyojifunza. Sauti ilipasuka, na lafudhi ya Kigoma ilikuwamo bado, nina hakika, kwa sababu mtu mmoja mbele alianza kucheka. Lakini mama wa kitambaa cha njano alisimama na sufuria yake, akamuuliza yule anayecheka kama kuna kitu cha kuchekesha. Kicheko hakikuendelea. Yule mtu akafungua mdomo, akataja tena karatasi yangu. Nilimwambia iko nyumbani, ina muhuri, na kama anaitaka aje na aproni yake ya makayabu aisome. Watu walimgeukia wakamtazama upya, kutoka beji mpaka viatu, na nikaona viatu vyake vina magamba ya samaki.

Dereva alisimamisha basi bila kuambiwa. Safari hii pia hakugeuka. Alingoja tu, injini ikinguruma, mpaka yule mtu aliposhuka.

Msichana hakunishukuru. Alikuwa analia, na nafikiri alinichukia kidogo kwa kumfanya atazamwe na watu wote, jambo ninalolielewa. Alishuka mbele ya hospitali bila kuaga. Wiki iliyofuata alikuja akakaa kiti cha kando yangu, akafungua kitabu chake, na tukasafiri hivyo karibu mwaka mzima tukizungumza habari ndogondogo, mitihani yake, bei ya uzi, mpaka alipomaliza masomo akapangiwa kazi Kolwezi.

Mimi nilibaki Likasi miaka kumi na tisa. Mpaka leo, nikiingia kwenye gari lolote, katika mji wowote, nahesabu kwanza milango, natafuta mahali ambapo mgongo wangu utaegemea kitu, na mtoto wangu wa kike huniuliza kwa nini sikai tu kama watu wengine.