Afra na Lundo la Baba Yake

Afra Ganter alikuwa na mkono mmoja mzima na ulimi usiopungukiwa kitu. Ukiucheka ule mkono mwingine uliokatika chini ya kiwiko, alikuzaba kofi kwa huu uliobaki, kisha akakuuliza kama unataka la pili. Sisi watu wa Neubrunn tulishamzoea. Ila siku hizi habari ya mkono ule wanaisimulia ovyo, ati ilikuwa ajali, ati mashine ilikuwa mbovu. Wanamsafisha baba yake. Nikiwasikia damu hunichemka.

Babu zetu walipokuja Ohio kutoka Baden, Ujerumani, walikuja na tabia yao. Mtu alipimwa kwa lundo la samadi, na lundo lilikaa mbele ya nyumba, karibu na barabara, ili kila aendaye kanisani alione. Lundo kubwa maana yake ng'ombe wengi, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mtu. Kingo zake zilisukwa. Unachukua majani makavu yaliyolaliwa na ng'ombe, unayakunja, unayapitisha juu na chini, mpaka ukuta unasimama wima umesukwa kama nywele za bibi harusi. La Lorenz Ganter, baba yake Afra, lilimpita mtu kimo. Watu walisimamisha farasi kuliangalia.

Aliyelisuka kila Jumamosi ni Afra. Aliyelibomoa theluji ikiyeyuka, akalipakia garini, akalitawanya shambani kwa uma wenye mpini mrefu, bonge kwa bonge, ni Afra huyohuyo. Kabla yake alikuwa mama yake. Mama huyo alianguka shambani, uma mkononi, na Lorenz alipomkuta chini alimpiga teke la mbavu akidhani amelala kazini. Kumbe alikuwa ameshakufa. Afra alikuwa amesimama palepale, msichana mdogo, na tangu siku ile alitaka jambo moja tu duniani: asife yeye naye na uma mkononi.

Basi akaja Wendelin Rösch, mhunzi wetu, kijana mwenye mabega ya fahali na subira ya kobe. Alileta gari alilolitengeneza mwenyewe.

"Dude gani hili?" Lorenz akauliza.

"Gari la samadi, mzee. Farasi wakitembea, magurudumu yanavuta mnyororo wa sakafuni. Mnyororo unasogeza mzigo nyuma. Huku nyuma kuna pipa la meno linalozunguka, linararua samadi na kuitupa."

"Linaitupa wapi?"

"Chini."

"Hata ng'ombe wangu huitupa chini," Lorenz akasema.

Na kweli, lilipojaribiwa, lilimwaga mstari mnene usiozidi upana wa gari lenyewe. Afra alibaki nyuma na uma wake, anatupa kushoto, anatupa kulia, kama zamani. "Wendelin wee!" akapiga kelele. "Umewapumzisha farasi tu! Mgongo wangu ni uleule!" Wendelin akacheka, Afra naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Lorenz wazimu, maana nyumbani kwake hakuna aliyecheka bila ruhusa.

Akanyakua beleshi lililojaa samadi. "Toka kwangu!" Akamtandika Wendelin nalo la taya, beleshi limelala kiupande, na meno mawili ya kijana wa watu yakaanguka. Samadi ikaruka ikatapakaa ukuta mzima wa ghala. Kabla Wendelin hajainuka, likamshukia la upande wa pili, na samadi iliyobaki ikarukia huko, ikawafikia kuku waliokuwa mbali kabisa.

Wendelin yuko magotini, anatema damu. Anaangalia ukuta wa ghala, anawaangalia kuku. Akaanza kucheka.

"Mzee, hebu nipige tena. Ila polepole, nione ulivyolishika."

Akapigwa tena, na si polepole. Afra alimburuta mpaka barabarani akidhani akili zimemruka. Hazikumruka. Alijifungia katika kiwanda chake na taya lililovimba, na nyuma ya lile pipa la meno akaongeza mtaimbo nao unaozunguka, wenye mabeleshi ya mbao yaliyokaa kiupande, haya yanaangalia kushoto, haya yanaangalia kulia. Alipolijaribu gari katika shamba la padri, samadi iliruka pande zote mbili, ikatua nyembamba, sawasawa, kama siagi juu ya mkate. Afra alisimama ukingoni, mikono mitupu, akalia mbele za watu bila kuona haya.

Jumapili baada ya misa wanaume walikuwa kilabuni na bia zao. Xaver Dold, jirani wa Lorenz na mshindani wake wa malundo, akaanza uchokozi.

"Lorenz, nasikia umempiga mhunzi beleshi mpaka akapata akili. Nipige na mimi basi, mke wangu analalamika kwamba sina."

Kilabu kizima kikaangua kicheko.

"Mpe lundo lako alijaribie," Xaver akaendelea. "Au unaogopa kubaki uchi barabarani?"

Lorenz akampasulia kikombe cha udongo kichwani. Xaver akajibu kwa kiti. Wakaangushana, wakang'atana, Xaver akapoteza kipande cha sikio, na ikabidi padri awamwagie ndoo ya maji kama mbwa. Walipoachana, wanahema, wanachuruzika damu, Wendelin akasimama.

"Mzee Lorenz, nipe lundo lako siku moja. Nikilimaliza kabla ya kengele ya jioni, unaniozesha Afra. Mashine ikivunjika, naitia moto mwenyewe na hutaniona tena."

Macho yote kwa Lorenz. Mtu mwingine angesema hapana, akaenda zake kulala. Lorenz, watu wakimtazama, neno hilo hakulijua. Akakubali.

Nje Afra alimkamata Wendelin ukosi. "Wewe! Umeniuliza mimi?"

"Nakuuliza sasa."

"Likimalizika lundo lote, nimekubali. Lisipomalizika, sikujui."

Sasa jueni jambo alilolijua Lorenz peke yake. Ng'ombe wake walikuwa wamepungua miaka mingi, mmoja kwa ugonjwa, mwingine kwa ubishi wake wa kutoita daktari. Lundo lingeshuka, na kushuka kwa lundo kwetu ilikuwa aibu kubwa kuliko kufumaniwa. Kwa hiyo alilijaza tumbo. Ndani mle alitia mawe na visiki, na juu yake haro kuukuu, lile dude la meno ya chuma la kusawazishia udongo. Kisha akafunika kwa samadi, na binti yake akasuka nje. Kila mwaka alimkataza Afra kugusa katikati. "Moyo wa lundo ndio unaoivisha samadi," alisema, na Afra akaamini, maana nani atafikiri baba yake anamdanganya juu ya mavi ya ng'ombe?

Siku ilipofika kijiji kizima kilijipanga uani na kwenye uzio wa shamba lililokuwa kando ya nyumba, na soseji zao na kabichi chachu, kana kwamba ni sherehe ya mtakatifu. Wanaume walipakia, Wendelin akaendesha, na mashine ikarusha. Gari likienda likirudi, lundo likayeyuka. Afra alitembea nyuma ya mashine siku nzima, akiangalia samadi inavyotua. Hakushika uma. Alikuwa akipunga mikono yake mitupu kwa wanawake wenzake na kuwaita, "Njooni muone! Njooni muone!"

Alasiri wapakiaji wakakaribia katikati. Lorenz akaruka mbele yao.

"Ondokeni! Hapa napakia mwenyewe!"

Wakacheka, wakampisha. Mawe na visiki akavisukumia nyuma, chini ya majani. Haro ilikuwa imeoza mbao zake, imebaki meno, kila jino refu kama mkono wa mtoto. Hayo hayakuwa na pa kufichwa. Lorenz aliyakumbatia na samadi yake, akayatupia garini, akafunika vizuri. Hesabu yake ilikuwa rahisi: yataondoka mbele ya macho ya watu, na yakivunja mashine, heri zaidi, mhunzi atakuwa ameshindwa. Bwana yule aliyafikiria yote hayo akiwa ameshika uma, katika muda wa kupakia gari moja.

Wendelin akapiga mluzi, farasi wakavuta. Afra akashika nafasi yake nyuma ya mashine.

Lorenz akamwona. Akafungua mdomo.

"Vipi, Lorenz?" Xaver akamwita kutoka uzioni, sikio limefungwa kitambaa. "Mbona umekauka? Kuna kitu umesahau humo?"

Afra aligeuka wakati huohuo. Akauona mdomo wa baba yake umefunguka. Akauona unafungwa.

Kisha ukasikika mlio ambao farasi walikimbia kabla ya watu kuuelewa. Meno ya chuma yalifika kwenye pipa. Moja lilipita katikati ya watu likazama katika nguzo ya uzio, kiganja tu kutoka tumbo la Xaver. La pili lilivunja mabeleshi ya mbao, vipande vikaruka juu. La tatu lilimkuta Afra alipoinua mkono kujikinga uso, likaupasua mkono chini ya kiwiko, mfupa na nyama, ukabaki unaning'inia kwa ngozi.

Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya samadi, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Wendelin alikata hatamu kwa kisu, akaufunga mkono juu ya kiwiko mpaka damu ikapungua. Halafu akaokota kile chuma. Akakigeuza. Alikijua, maana alikifua mwenyewe akiwa mwanagenzi.

"Hili jino la haro yako, mzee," akasema akija uani.

"Mashine yako mbovu!" Lorenz akapaza sauti ili wote wasikie. "Imekatika! Imemuua binti yangu!"

Wendelin akampiga ngumi ya pua ikavunjika. Akampiga tena yuko chini. Subira yake yote ya miaka iliishia pale. Alimpanda kifuani akampiga kwa mikono miwili, na wanaume wanne hawakuweza kumbandua.

Aliyemsimamisha ni Afra. "Muache. Huyo wangu."

Alikuwa amefika, mweupe kama chokaa, anayumba, hatamu imefungwa mkononi, damu inadondoka viatuni. Kwa mkono wa kushoto akaokota uma. Hakumwendea baba yake kwanza. Alikwenda kwenye lundo, kwenye ukuta wa mwisho uliobaki umesimama, ambao aliusuka mwenyewe Jumamosi iliyopita, akachoma uma na kuvuta. Ukuta ukaanguka. Mawe yakabingirika mpaka barabarani. Visiki vikafuata, na kipande cha mbao ya haro.

Hakuna aliyecheka, hata Xaver.

Afra akarudi, akasimama juu ya baba yake. "Ulifungua mdomo. Nilikuona."

Lorenz alikuwa na damu mdomoni. "Watu walikuwa wanaangalia," akasema.

Jamani! Hilo ndilo jibu alilompa mtoto wake. Afra aliinua uma, akaushusha kwa uzito wake wote, ukapita katikati ya kiatu cha Lorenz, ukapita mguu, ukaingia ardhini. Akauacha umesimama hapo. Kisha akaanguka, wakambeba hadi jikoni, na daktari akaukata mkono kwa msumeno juu ya meza ya kulia chakula, Afra amelewa pombe kali na anamtukana kila mtu aliyemo.

Wendelin aliitengeneza mashine, na safari hii akaweka ubao mnene nyuma, ili kitu kikiruka kisimpate mtu. Alipomaliza kumwaga samadi yote iliyosalia kati ya yale mawe, Afra alikuja, kakonda, kajitanda shali. "Sasa limemalizika," akasema. "Niulize tena." Wakafunga ndoa kabla ya mavuno. Wakulima wa mbali walikuja kutaka gari lile, na wakiagiza walisema, "Lile lenye ubao wa Afra." Halikutoka hata moja kiwandani kabla yeye hajaupiga ubao teke.

Lorenz aliishi miaka mingi akichechemea. Alipopooza upande mmoja, Afra alimchukua kwake, akamlaza karibu na dirisha, akamlisha supu kwa mkono ule mmoja. Watu walimwita mjinga. Aliwajibu wakale malundo yao. Mimi nilijua anangoja nini, na Wendelin alijua, maana kila mzee alipofungua mdomo, Afra aliacha kijiko hewani.

Asubuhi moja ya majira ya kuchipua Lorenz alimwita jina. Ulikuwa muda mrefu hajamwita jina. Afra akawatoa wote nje, akafunga mlango, akakaa kitandani. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.

"Hakuna anayeangalia, baba. Tuko wawili. Sema."

Mdomo ukafunguka. Ukahangaika. "Lundo," Lorenz akasema. "Lundo letu... wapita njia wanalionaje?"

Afra akatazama nje. Dirishani uwanja wa mbele ulikuwa mtupu, umefagiliwa, na alama za magurudumu zinaelekea shambani.

"Hakuna lundo, baba. Tumelimwaga lote asubuhi hii."

Mzee akalia. Akalia kwa sauti kama mtoto, mtu ambaye mkono wa binti yake ulipokatwa jikoni, yeye alikuwa nje, ameung'oa uma mguuni, anaficha mawe. Afra akamfuta machozi kwa mkono wake, akamfunika blanketi, akatoka kwenda kuwafungua farasi.