Kifua cha Baba Mkwe

Juzi hospitali ilinitaka niandike maelezo yangu ya kubandikwa ukutani: nimesoma wapi, nimefanya kazi miaka mingapi, natibu nini. Nikaandika: mzaliwa wa Ngonga, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, miaka ishirini na mbili kazini. Figo, kisukari, presha. Nilipofika kwenye moyo, mkono ukagoma. Karani akaniuliza kama wino umeisha. Nikamwambia aniache.

Mimi ni mkamwana wa watu wa Makwale. Kwa wazee wetu Wanyakyusa, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hampeani mkono, hamsalimiani, na ukimwona anakuja njiani unaingia migombani mpaka apite. Vijana wa siku hizi wameshaachana na mambo hayo, lakini baba mkwe wangu alikuwa mtu wa zamani, nami nilikubali. Miaka kumi na tisa nilimjua kwa sauti na kwa mgongo tu.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga, mama mkwe alikuja kwangu Bondeni. Akasema, "Baba yenu halali. Akijinyoosha tu anakohoa, inabidi akae kitako mpaka kunakucha."

Nilishtuka. Wagonjwa wa namna hiyo nimewatibu wengi: moyo umechoka kusukuma damu, maji yanajaa mapafuni. Nikamuuliza kama miguu imevimba. Akarudi nyumbani kumuuliza, akanipigia simu: anasema haijavimba. Mwongo! Lakini angeanzaje kumwambia mkamwana habari za miguu yake?

Nikasema aletwe hospitali. Mzee akakataa, maana bingwa pale ni mimi peke yangu. Nikasema basi apelekwe Mbeya. Akasema akimaliza kuvuna. Mume wangu alimbembeleza wee, wapi!

Jumamosi moja nikajifunga kitenge, nikatia kifaa cha kusikilizia kifua mkobani, nikaenda mwenyewe. Mama mkwe alikuwa shambani. Nilisimama uani, karibu na dirisha la chumba cha mzee, nikasikia pumzi zake, fupifupi, zinakoroma maji. Jamani, ugonjwa niliujua palepale kabla ya kumgusa mtu. Mlango ulikuwa wazi, hatua kumi tu. Nikamkumbuka shangazi wa mume wangu, aliyesema siku ya harusi yetu kwamba wanawake wasomi hawana haya, wataingia hata vyumbani kwa wakwe zao. Nikageuka. Daktari mzima! Nikarudi Bondeni na kifaa changu mkobani, nikijidanganya kwamba mume wangu atamlazimisha kesho.

Siku ya nne wakamleta kwenye pikapu, amelazwa juu ya godoro, hajitambui vizuri. Hapo haya zikaisha, za nini tena? Nilimbonyeza ugoko kwa kidole gumba, shimo likabaki. Mapafu yalikuwa yamejaa na figo zilishaanza kushindwa. Nilimchoma dawa ya kutoa maji, nikamwekea oksijeni, nikafanya kila nilichofundishwa. Alijaribu kujifunika uso kwa shuka, mkono ukamshinda. Niliendelea na kazi huku machozi yananitoka, na manesi wakajifanya hawaoni.

Kesho yake asubuhi alifumbua macho akanitazama, kwa mara ya kwanza.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu, kama watu wanavyosalimiana kwetu kila kukicha. Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Mbona siku ile uliishia uani? Nilikuona. Nikavaa shati, nikakaa nakungoja uingie."

Nikamjibu, "Niliona haya, baba."

Ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia tangu niolewe. Alifariki siku hiyohiyo mchana.