Kona ya Chini ya Barua

Mimi ni profesa wa Kiingereza hapa Kasongo, na kazi ninayojivunia ni kuhifadhi maandishi ya kale kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe ni moja, na inategemea jua. Siku ya mawingu, historia inapumzika. Wenzangu wa ng'ambo huniuliza natumia mtambo gani kunakili hati. Natumia simu yangu yenye ufa na kitambaa cha meza cha mke wangu.

Hati yangu ya kwanza ilikuwa sandukuni mwa shangazi yangu, huko mjini Kabambare: barua ambayo babu yake aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na haikutumwa. Shangazi amezeeka, na hamu yake imebaki moja, kujua bibi yake alichukuliwa na msafara wa watumwa kutoka kijiji gani. Nilimwahidi jibu. Nilimwambia kompyuta haishindwi na kitu, maana profesa akianza kujisifu nani atamzuia?

Nikapanda pikipiki, nikaanguka matopeni mara mbili kwa ajili ya elimu. Nilipofika nikaitandaza barua, nikapiga picha, nikaikuza, nikasoma polepole. Salamu, salamu tena, habari za mvua, kisha: "na huyu mke wangu, kwao ni..." Hapo karatasi ilikuwa imekatwa kwa mkasi, vizuri kabisa.

Nilikasirika. Nikauliza ni mjinga gani aliyekata hati.

"Ni miye," shangazi alisema. "Si iko Kurani? Mutoto akishikwa na homa, tunakata kidogo, tunaloweka mu maji, anakunywa."

Nikamhutubia. Nikamweleza kwamba si kila herufi ya Kiarabu ni Kurani, kwamba hii ni barua ya babu yake, na kwamba kwenye kona ile ndiko kulikuwa na kijiji anachokitafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile kona ya chini ulikunywa weye," alisema. "Ulikuwa mudogo, ulikuwa karibu kufa. Baba yako alikuwa analia pale mulangoni."

Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama. Yeye aliikunja barua taratibu.

"Hata kama ningalijua," alisema, "ningalikata."

Orodha yangu ya kompyuta inadai kila hati ionyeshe mahali inapohifadhiwa. Kwa kona ile nimeandika jina langu.