Unga wa Muhogo Juu ya Rangi Mbichi

Mwaka 1988, nikiwa na miaka kumi na tisa, gogo lilimvunja baba mguu kule kwetu Murungu, upande wa Kibondo, na shida ikaingia nyumbani kwetu ikakaa. Baba alikuwa mpasua mbao. Mguu ule haukurudi kuwa mguu. Mimi ndiye mkubwa wa watoto, na shule nilikuwa nimeishia darasa la nne. Nikachukua randa yake na msumeno wake uliopungua meno, nikaja Kasulu kutafuta kula.

Mbao mpya sikuwa na uwezo wa kuzinunua. Kwa hiyo nilianza na vitu vya zamani: viti vilivyolegea, meza zilizoungua kwa sufuria, makabati yaliyofungwa kwa kamba badala ya bawaba. Nagonga, nakaza, napaka rangi, namrudishia mwenyewe. Siku hizi nawaona vijana mnafanya kazi hiyohiyo, mmejifunza kwenye simu. Mnanunua kabati la mwalimu anayehama, mnalipaka rangi nyeupe, linapendeza. Vizuri, mimi sicheki. Lakini kuna jambo moja ambalo simu haitakuambia, mwanangu, na mimi nililijua kwa aibu. Kaa nikusimulie.

Siku yenyewe naikumbuka kuliko siku niliyooa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Kasulu, na tayari nilikuwa najiita fundi. Mama mmoja mjane, tukimwita Mama Misago, akaja pale nilipokuwa nafanyia kazi, chini ya bati moja pembeni ya soko. Binti yake Tereza alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kibondo. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kuzungumza mahari, na sebuleni kwake kulikuwa na viti sita vya mninga, vyeusi kama chungu. Hana fedha ya viti vipya. Alitaka tu wageni wasione kwamba nyumba imebaki bila baba.

"Nivipake rangi gani, mama?"

"Bluu. Tereza anapenda bluu. Ila fundi, sikiliza. Marehemu alikuwa na dawa yake, kila mwaka alikuwa akivi..."

"Mama, fundi ni wewe au mimi?"

Alikuwa mtu mzima, sawa na mama yangu, nami nilimkata maneno kama namfukuza kuku. Ningemwacha amalize, hadithi hii nisingekuwa nayo.

Nikaenda kwa Mzee Sefu kununua rangi. Mzee Sefu alikuwa na duka la misumari, rangi na mafuta ya taa, mtu wa maneno machache, babu zake walitoka pwani. Akaniuliza, "Mbao ya zamani?" Nikasema ndiyo. "Umeiosha? Umeipiga msasa?" Nikasema ndiyo. Uongo. Nilikuwa nimeifuta vumbi kwa shati langu bovu. Basi akanipimia rangi ya mafuta, nikarudi, nikapaka viti vyote sita siku hiyohiyo. Vikang'aa. Watu wa sokoni wakasimama kuangalia. Nikasema moyoni, baba, mtoto wako amefika.

Kesho yake nikagusa kiti cha kwanza. Kikanishika kidole. Nikasema bado, ni mapema. Keshokutwa nikagusa tena, kikanishika. Ilikuwa kiangazi, jua kali, vumbi jekundu linaruka mpaka kwenye chai, na rangi haitaki kukauka. Ijumaa jioni ngozi ya juu ilikuwa imeshika kidogo, lakini ukikandamiza unasikia ulaini chini yake, kama uji uliofanya utando.

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Ningekwenda kwa Mama Misago kumwambia: mama, nimekosea, azima viti kwa jirani. Majirani wangempa, nani anakatalia mjane viti siku ya mahari? Lakini nilikuwa nimeshajisifu soko zima. Nikaona kusema ni taabu kuliko kufa. Unajua nilifanya nini? Nikachukua unga wa muhogo, nikaunyunyiza kwenye makalio, migongo na mikono ya viti vyote, nikapangusa taratibu kwa kitambaa. Ukigusa, vikavu. Ukitazama, vimefifia kidogo, vinafanana na viti vya ofisini. Nikavipeleka. Mama Misago akanishukuru, akanialika: "Kesho na wewe uje ule, fundi."

Nikaenda. Mjinga huwa haogopi mpaka aone.

Wakwe walikuja watu sita, viti sita. Mshenga wao alikuwa Mzee Kagoma, mtu wa kwetu Murungu kabisa, aliyewahi kupasua mbao na baba yangu. Aliponiona akafurahi: "Eh, mtoto wa rafiki yangu! Umekuwa fundi?" Mama Misago akamwambia, "Viti mlivyokalia ni kazi yake." Mzee akapigapiga mkono wa kiti. "Baba yako atasikia." Nikajikuna kichwa kwa raha. Wakakaa chini ya bati la moto, wamevaa suruali zao za kanisani, wakisubiri. Wakasubiri sana, kwa sababu baba mkubwa wa Tereza, ndiye mwenye kauli, alikuwa anatoka upande wa Manyovu na gari lilichelewa.

Sasa wewe uliyezaliwa mjini huenda hujui salamu zetu Waha. Salamu yetu si kupungiana mkono. Mkubwa akiingia unasimama, unainama, mnapigiana makofi taratibu, mnaulizana habari za watu, za ng'ombe, za shamba, mpaka mridhike. Ukiamkiwa umekaa, umemtukana mtu. Na ukimtukana siku ya mahari, hapana mahari.

Baba mkubwa akaingia. Akaanza kupiga makofi: "Mwidiwe! Mwidiwe wageni!"

Wageni hawakusimama.

Nilimwona Mzee Kagoma akijaribu. Alijiinua kidogo, uso ukabadilika, akarudi chini polepole. Akajaribu tena, akasikia kitu kinampasukia nyuma, akatulia. Alimtazama mwenzake wa kulia, na wa kulia alikuwa naye anatazama magoti yake. Wanaume sita wazima, wote wameinama nusu, wanapiga makofi wakiwa wamekaa, jasho linawatoka.

Baba mkubwa akashusha mikono. "Naona Kibondo siku hizi watu wanaamkiwa wamekaa."

"Si hivyo, mzee," akasema Kagoma.

"Basi ni vipi?"

Ungesema nini? Kwamba umegandia kwenye kiti cha wenyeji? Ungekuwa umewatukana mara ya pili.

"Kama sisi hatuamkiwi tukiwa kwetu," baba mkubwa akasema, akiwageukia watu wa nyumbani, "binti yetu ataheshimiwa vipi akiwa kwao? Tereza, toa hivyo vinywaji hapa. Rudisha ndani."

Tereza alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa pombe ya ndizi. Hakurudi ndani wala hakusogea mbele. Alikuwa anamtazama mama yake.

Mwanangu, katika chumba kile mtu mmoja tu alijua kilichotokea, naye alikuwa nyuma, karibu na mlango, ameegemea ukuta. Neno moja langu lingetosha. Na lile neno lilikuwa mdomoni, nalisikia kabisa lilivyo zito. Nikalimeza. Nikawaza jina langu, nikamwaza Kagoma akirudi Murungu kumwambia baba. Nikatazama mlango uko hatua ngapi.

Mama Misago ndiye aliyesogea. Alikwenda kwa Mzee Kagoma kumsihi, akaweka kiganja chake kwenye mkono wa kiti, na alipotaka kukitoa kikakawia. Akakitazama. Kiganja cha bluu, na kwenye mikunjo yake unga mweupe. Akaunusa. Mwanamke gani wa huku asiyejua harufu ya unga wa muhogo?

Hakunitazama. Alimwinamia mshenga, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mzee, simama hivyohivyo. Simama na kiti chako."

"Mama, nitakuaibisha."

"Kiti ni changu. Simama nacho."

Mzee Kagoma akavuta pumzi, akasimama. Na kiti kikasimama naye. Kikaning'inia nyuma yake miguu juu, halafu upande mmoja ukaachia, krrr, kikabaki kimemshikilia kwa upande mwingine wa suruali. Naye, mtu mzima yule, akainama hivyohivyo na kiti chake mgongoni, akapiga makofi: "Mwidiwe, mzee wangu. Nimekuja na heshima, na kiti nimekuja nacho."

Baba mkubwa akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Simameni wote! Simameni niwaone!" Wakasimama wote sita, viti vikidondoka kimoja kimoja, suruali zimepakwa bluu na unga, mmoja yake imechanika akaomba kanga ya kujifunga. Tereza akamimina. Mahari ikazungumzwa watu wamekaa kwenye mikeka, na nasikia haikuwahi kuzungumzwa mahari kwa furaha namna ile.

Mimi nilikuwa nimeshatoka. Mama Misago alinikuta nje, kwenye migomba.

"Dawa ya marehemu," akasema, "ilikuwa oili chafu. Alikuwa utingo wa lori. Kila mwaka alikuwa akivisugua viti kwa oili chafu ya gari ili mchwa wasivile. Nilitaka kukuambia hivyo tu."

"Nisamehe, mama. Rangi nitaitoa."

"Rangi nimeshakusamehe, rangi ni kutojua. Unga sijakusamehe. Na ule ukuta ulioegemea huku mwanangu anakosa mume, huo nao sijakusamehe."

Halafu akarudi kwa wageni wake.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Sefu nikamwambia ukweli. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia tu kwamba rangi ya mafuta haikauki juu ya oili ya gari, kisha akanionyesha kazi. Nikavibeba viti vile, nikaanza kukwangua rangi kwa vipande vya chupa iliyovunjika, kiti kimoja siku mbili. Nikafuta oili kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na matambara, na matambara nikayatandaza nje jua liyakaushe, maana ukiyarundika karibu na jiko utachoma nyumba. Nikaosha kwa maji ya moto na magadi. Nikaanika. Nikapiga msasa. Nikarudia. Kila mara nilidondosha tone la maji juu ya mbao: likikaa limeviringika kama juu ya jani la jimbi, oili bado imo, likinywewa, mbao iko tayari. Zilipita wiki tatu kabla ya tone la kwanza kunywewa.

Na hapo chini, mwanangu, kulikuwa na mninga mwekundu wenye mistari, mti ambao hauhitaji bluu ya mtu yeyote. Mzee Sefu akaniambia nichemshe kahawa nzito, niloweke ndani misumari yenye kutu, nipake kwa kitambaa pale palipokuwa na mabaka. Kahawa ya huku kwetu, misumari ya kuokota. Kisha vanishi nyembamba, mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu, kila mkono ukauke kwanza. Ilinigharimu kidogo kuliko ile bluu.

Nilivimaliza vitano nikampelekea Mama Misago. Aliviangalia muda mrefu, akakaa kimoja, akainuka, akakaa tena. "Hivi ndivyo vilivyokuwa alipovinunua," akasema. Cha sita, kile cha Mzee Kagoma, nilikuwa bado nakikwangua. Akasema, "Hicho acha. Kaa nacho wewe. Siku ukianza kujivuna, kikalie."

Na Tereza? Ana wajukuu Kibondo. Kagoma alimsimulia baba kila kitu. Baba alicheka, kisha akaninunia msimu mzima.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, sina nyingine. Kabla hujapaka, uliza. Kitu cha zamani kimeishi na watu, na wale watu wanajua kimelishwa nini. Waache wamalize maneno yao hata kama wewe ndiye fundi. Kwangua kabla ya kupamba. Usiwe na haraka ya kung'arisha, maana rangi ikikataa kukauka inakuambia kitu. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema mapema, sema wewe mwenyewe, kabla hujatia unga. Kosa la fundi linasameheka. Ukinyamaza, mzigo wako anaubeba mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu aliyekuamini.

Leo mimi ni mtu mzima, na namshukuru Mungu sikosi. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Kasulu, vyumba vinne, bati jipya. Nina karakana yenye mafundi watatu. Nina shamba la migomba na kahawa. Nina ng'ombe wawili, na pikipiki inayohitaji kusukumwa asubuhi. Nina randa ya baba, bado inakata. Na nina kiti kimoja cha mninga, nusu mbao nusu bluu, ambacho kwenye kalio lake kuna nyuzi nyeusi za suruali ya Mzee Kagoma zimegandia mpaka kesho. Watoto wangu wananiambia, baba, kirekebishe hicho. Nawaambia hicho hakiguswi. Ndicho ninachokalia ninapokuandikia.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe kazi, akupe wateja wavumilivu, akupe na ulimi mwepesi siku utakayokosea.