Betri Zilizolazwa Mzungu wa Nne

Juzi mjukuu wangu Hamisi alitia betri kwenye rimoti ya ndege yake ya kuchezea, ndege ikagoma. Nikamwambia, "Geuza moja, mume wangu." Ikavuma.

Hilo nilifunzwa Tindiga, kwenye kijiji cha ujamaa, alasiri moja tukingoja salamu za redioni. Dada yangu Tatu alikuwa kambini kwenye mafunzo ya jeshi, na barua yake hatujapata hata moja. Mama alianika betri kuukuu tangu asubuhi, zikanuka kutu. Nilidhani jua linaingia ndani yake, kumbe ni joto tu linaziamsha kidogo. Nikachagua zilizoniunguza mkono zaidi, nikazilaza redioni sambamba zote zikielekea Kibla, kama watu kwenye swala. Redio kimya.

"Baba Tatu, kipindi kinatupita!" Mama akalia.

"Mwanahawa, betri haziswali," Baba akaniambia akicheka. "Zilaze mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kama ulivyokuwa ukilala na dada yako."

Nikazigeuza. Sauti ikatoka ikikwaruza: "...Tatu Ramadhani anawasalimu baba na mama, yeye ni mzima. Mdogo wake Mwanahawa asizoee kitanda peke yake, anarudi."

Mama akaketi chini. Siku ile nililala upande wangu uleule.